Mahindi tele, watoto wafupi: mkoa unapimwaje?

SWALI: Shikamoo dada. Kwenye semina ya kata tuliambiwa siku hizi kuna watu hawapimi maendeleo kwa pesa, wanaangalia sehemu imetumia ardhi, maji na misitu kiasi gani alafu watu wake wanaishi vizuri kiasi gani. Sisi huku tuna mbao, chai, mahindi, viazi, sa mbona kila siku tunatajwa kwa udumavu, yaani watoto kuwa wafupi kuliko umri wao? Na hiyo hesabu ikipigwa kwetu tutapata ngapi? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Marahaba mdogo wangu, kamwene. Hesabu maarufu ya aina hiyo ilitoka 2006, waliileta New Economics Foundation wa Uingereza wakaiita Happy Planet Index. Walipoianzisha walichukua miaka ambayo mtu anatarajiwa kuishi, wakazidisha na jinsi watu wenyewe wanavyoyaona maisha yao, alafu wakagawanya kwa eneo la ardhi na bahari linalohitajika kumlisha mtu huyo, kumvika, kumjengea na kufyonza moshi wake. Ndo maana Costa Rica imeshika namba moja zaidi ya mara moja, wale walifuta jeshi 1948 wakaweka nguvu kwenye shule na afya, leo wanaishi miaka mingi kama Wamarekani na wanatumia chini ya nusu ya anachotumia Mmarekani.

Ila ukiileta Iringa kama ilivyo itatudanganya, na tatizo liko kwenye ile namba ya kugawia. Mtu anayepikia mafiga matatu, hana gari, hana friji, mnadani anaenda kwa miguu, anatumia kidogo kwelikweli, na ukigawanya kwa namba ndogo jibu linapanda. Anaonekana kafanya vizuri kumbe hana kitu tu. Kutumia kidogo kwa sababu umetosheka na kutumia kidogo kwa sababu umekosa haviwezi kupewa maksi sawa, mi hilo silikubali kabisa.

Kwaiyo kwetu ningeanza na mtoto. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta waliodumaa chini ya miaka mitano nchi nzima ni asilimia 30. Iringa 57. Njombe 50, Rukwa nayo 50. Na hii ndo mikoa inayolisha nchi jamani, malori yanapita Makambako usiku na mchana na mahindi na viazi kwenda Dar, na Dar isiyolima udumavu wake uko chini ya asilimia 20! Ukiangalia magunia tu hutaiona hiyo, utasema mkoa umefaulu.

Inapotelea wapi? Angalia nyumba moja msimu wa kupalilia. Mama katoka alfajiri kwenda shamba, au kibarua shamba la mtu, mtoto wa miezi tisa kabaki na bibi au dada yake wa darasa la pili, kaachiwa uji mwepesi kwenye chupa ya chai na ndo huohuo mpaka jioni mama akirudi. Mayai yapo, ila trei inamsubiri mchuuzi wa bodaboda. Maharage yapo, gunia limefungwa linasubiri bei ipande. Hakuna aliyemnyima mtoto kwa makusudi, ni kwamba kila kilichotoka ardhini kimeshapangiwa pa kwenda kabla hakijafika kwenye bakuli lake, na muda wa mama nao umeliwa na shamba hilohilo. Muda wa mama ni rasilimali na sijaona semina inauhesabu. Hapo kuna pa kuulizana na akina baba pia, pesa ya mbao ikiingia nani anaamua inunue nini.

Kata yenu inaweza kupima yenyewe: ekari zilizolimwa, magunia yaliyouzwa, na watoto wangapi wa miaka miwili wana urefu wa umri wao. Kliniki wanapima uzito kila mwezi, ombeni na kibao cha kupimia urefu kitumike, matokeo yasomwe kwenye mkutano wa kijiji pamoja na mapato na matumizi.

SWALI: Dada, mwanangu ana mwaka na nusu, mnene, anacheza vizuri, ila nesi kasema kadumaa. Mama mkwe anasema ukoo wao ni wafupi. Nimsikilize nani? (Mama, Ilula)

JIBU: Msikilize nesi, mama. Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vyake 2006 baada ya kupima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na waliolelewa vizuri walikua karibu sawa kote mpaka miaka mitano, kwaiyo umri huu ukoo sio sababu ya kwanza kuitafuta. Mtoto anaweza kushiba kila siku na akadumaa, mahindi yanajaza tumbo ila protini yake haijakamilika. Endelea kunyonyesha mpaka miaka miwili, uji uwe mzito, weka karanga zilizosagwa au dagaa wa unga, maharage yaliyopondwa, yai, parachichi, mnafu. Awe na bakuli lake mwenyewe. Na mama mkwe nenda naye kliniki, kama ndo anamlisha mchana basi yeye ndo wa kuelekezwa.

SWALI: Sisi wa Mbarali tunalima mpunga unasomesha watoto, ila kila siku tunaambiwa tunaua mto Ruaha. Kwenye hesabu yenu sisi ndo wabaya? (Mkulima)

JIBU: Hapana kaka, kusomesha watoto kunaingia kwenye ustawi, tena juu kabisa. Ila Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha 1993, na maji hayohayo yanaenda mabwawa ya Mtera na Kidatu kwenye umeme, kwaiyo kuna watu na wanyama huko chini wanalipa. Sehemu kubwa ya ubishi sio mpunga wa masika, ni maji yanayoendelea kuingia mifereji ya udongo miezi ya kiangazi, mengine yanaishia kuloweka ardhi isiyo na zao. Kwenye umoja wenu wa watumia maji ulizeni: mkishavuna nani anafunga banio linaloingiza maji mferejini, na asipofunga anafanywa nini?