Faili yako chuoni: ukitaka kuiona, nenda na barua

Nilifanya kazi ya masijala, yaani ofisi inayotunza faili, kwa miaka 29 katika chuo kikuu cha umma huko bara, kabla ya kustaafu na kurudi nyumbani Mombasa. Mwezi huu nimepokea barua nyingi kuhusu faili za wafanyakazi wa vyuo. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mambo yake yanawagusa wengi.

Shikamoo mama. Mimi ni mtu wa Lamu lakini nafundisha bara, chuo kikuu cha umma, huu mwaka wa kumi na moja. Niliomba kupandishwa cheo niwe mhadhiri mwandamizi. Nikahojiwa, kisha nikaletewa barua ya mistari miwili kwamba sikufaulu. Nasikia kuna barua ya malalamiko dhidi yangu kwenye faili yangu ambayo sijawahi kuonyeshwa. Nimekwenda idara ya wafanyakazi mara nne. Naambiwa faili ni mali ya chuo na yaliyomo ni siri. Je, nina haki ya kuiona?
*Mwana wa Lamu*

Marahaba, mwanangu. Haki unayo, na hakuna anayekufanyia hisani kwa kukuonyesha. Lakini mara zote nne ulikwenda kwa mdomo, na maneno ya mdomo hayafunguliwi folio, yaani hayaingii kwenye faili kama karatasi yenye namba. Ungekwenda mara moja na barua, leo tungekuwa tunahesabu siku.

Kwanza nikueleze faili yenyewe, maana wengi huiomba bila kujua wanaomba nini. Pale nilipofanya kazi, kila mfanyakazi alikuwa na majalada mawili. La kwanza ni la wazi: gamba la kaki, karatasi zimetobolewa pembeni na kufungwa kwa uzi wa kijani, ya zamani chini, ya karibuni juu. Kila karatasi ina namba ya folio kwa wino mwekundu kwenye pembe ya juu, mkono wa kulia. Humo mna barua yako ya kuomba kazi, nakala za vyeti, barua ya kuajiriwa, fomu ya daktari na maombi ya likizo. Jalada la pili ni la siri, na lilikaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli ofisini kwa Msajili. Ripoti za mkuu wa idara, malalamiko, maoni ya watathmini wa nje na kumbukumbu za jopo la mahojiano huingia huko. Ukiomba "faili yangu" tu, utaletewa lile la kwanza, utalipekua dakika kumi huku karani amekusimamia, kisha utaambiwa umeshaona. Barua unayoitafuta haimo humo.

Kwa hiyo taja majalada yote mawili, na utakapoyashika, fuata namba. Ukiona folio 46 kisha 48, uliza 47 iko wapi. Karatasi ikihamishwa, pale ilipokuwa panapaswa kubaki kikaratasi kinachosema imekwenda wapi, lini, na nani aliyeitoa.

Sasa sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali. Sheria ya Kupata Habari, namba 31 ya 2016, ikaja kueleza namna ya kuzipata, na chuo kikuu cha umma kimo ndani yake. Afisa wa habari kwa mujibu wa sheria hiyo ni mkuu wa taasisi mwenyewe, yaani Naibu Chansela, ingawa anaweza kumkabidhi mtu mwingine kazi hiyo. Barua yako basi iende kwake, na nakala kwa Msajili. Unaweza kuiandika kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, sheria imezitaja lugha zote mbili. Hakuna ada ya kuwasilisha ombi. Watakachoweza kukudai ni gharama ya kutoa nakala. Hulazimiki kusema unaitakia nini.

Tangu siku ombi lilipopokelewa, wana siku 21 za kukujibu. Wakiwa wanatafuta makaratasi mengi, au lazima washauriane na wengine, wanaweza kujiongezea siku 14, mara moja tu. Zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba umekataliwa. Hapo unapata siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayoitwa Ombudsman, nayo ina uwezo wa kuamuru utolewe kilichofichwa.

Hilo neno "siri" ulilotupiwa nalijua vizuri. Sheria ina orodha ya mambo yanayoweza kuzuiliwa, na mojawapo ni kuingilia faragha ya mtu. Lakini soma hapo kwa makini: ni faragha ya mtu *mwingine asiyekuwa mwombaji*. Hawawezi kukuficha habari zako kwa kisingizio cha kukulindia faragha yako. Tena maoni ya mtu mwingine kuhusu wewe yamehesabiwa na sheria hiyo kuwa ni habari zako binafsi. Watakapokuwa na hoja ni kwenye majina ya watathmini wa nje walioandika kwa kuahidiwa kwamba hawatatajwa. Mimi ningekushauri usipiganie majina hayo. Andika mwenyewe kwamba unakubali yafutwe kwa wino mweusi, mradi upewe alama na maelezo. Ukishasema hivyo, sababu kubwa ya kukunyima karatasi nzima imekwisha.

Kuna mlango wa pili, na una kasi zaidi kwa mtu anayetafuta habari zake mwenyewe. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuziona data zako, na kanuni zake za 2021 zinataka ujibiwe ndani ya siku saba, bila malipo. Ukikwama huko, malalamiko yanakwenda kwa Kamishna wa Kulinda Data. Na kwa ile barua ya mistari miwili, kifungu cha 47 cha Katiba kinasema aliyeathiriwa na uamuzi wa kiutawala ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Taja yote matatu katika barua moja.

Barua yenyewe isizidi ukurasa. Mimi ningeiandika hivi:

*"Naomba nakala za: (1) jalada langu la wazi na la siri, folio zote, pamoja na karatasi za maagizo za ndani, (2) kumbukumbu na alama za jopo lililonihoji, siku na tarehe fulani, (3) barua yoyote ya malalamiko inayonihusu, pamoja na jibu lolote lililoandikwa, (4) sababu za kutopandishwa cheo, kwa maandishi. Kama chochote kati ya hivi hakipo, naomba nielezwe hivyo kwa maandishi. Kama sehemu fulani inazuiliwa, naomba nitajiwe kifungu kinachoizuia, na nipewe sehemu iliyobaki."*

Chapa nakala mbili. Ipeleke mwenyewe masijalani. Moja waache nayo, ya pili wakugongee mhuri wa kupokelewa, tarehe isomeke na karani atie sahihi. Ukiona wino wa mhuri umefifia, omba wagonge tena. Nimeona watu wakishindwa kwa sababu tarehe haikusomeka, chuo kikasema barua ilifika mwezi uliofuata.

Nikueleze kwa nini nasisitiza hivi. Zamani, kabla ya sheria ya 2016, alikuja dirishani kwangu mhadhiri mmoja, mtu mpole, wakati wa mvua za Aprili. Alitaka kuona ripoti iliyomnyima cheo. Nikaagizwa na mkubwa wangu nimwambie faili iko kwa Msajili. Haikuwa kwa Msajili. Ilikuwa kwenye droo yangu, chini ya goti langu, wakati namwambia "njoo kesho". Alikuja kesho, na kesho kutwa, na wiki iliyofuata, mwavuli mkononi, akinishukuru kila mara. Alikuja miezi mitatu, kisha hakuja tena. Ripoti ile niliisoma. Ilikuwa na kosa la wazi: machapisho mawili ya kwake yalihesabiwa kuwa ya mtu mwingine mwenye jina la baba kama lake. Angeiona angelisahihisha kwa dakika tano. Sijawahi kuacha kulifikiria jambo hilo, na ndiyo sababu naandika safu hii.

Mimi ni mzazi, mwanangu yuko mwaka wa tatu. Wanafunzi wanasema mkuu wa idara yao hana shahada ya uzamifu anayojiitia "Daktari". Nataka kuomba faili yake yote chuoni nione ukweli. Nikiomba nitapewa?
*Mzazi, Machakos*

Yote, hapana, na mimi mwenyewe nisingependa upewe. Nimeshika faili za watu zaidi ya elfu. Ndani yake kuna barua ya daktari, kuna mtoto mwenye ugonjwa ambao majirani hawaujui, kuna amri ya mahakama ya matunzo, kuna mkopo uliomlemea mtu. Hayo hayamhusu mzazi wa mwanafunzi yeyote.

Lakini swali lako halihitaji faili. Linahitaji jibu moja tu, na hilo una haki nalo. Cheo hicho kinalipwa kwa fedha za umma, kilitangazwa, na tangazo lilitaja sifa. Andika uombe tangazo la kazi hiyo, sifa zilizotakiwa, na kiwango cha masomo kilichozingatiwa alipoteuliwa: shahada gani, chuo gani, mwaka gani. Ongeza kwamba huhitaji namba yake ya kitambulisho, anwani, afya wala familia. Wakisema ni faragha, wakumbushe kwamba Sheria ya Kupata Habari inawataka wapime maslahi ya umma, na uwajibikaji wa taasisi za umma umetajwa humo. Iwapo mtu amefundisha na kusahihisha mitihani kwa shahada asiyonayo, hiyo si siri ya nyumbani kwake.

Kuhusu mshahara, maana najua ndilo swali linalofuata: viwango vya mishahara kwa kila daraja vinatakiwa kutangazwa na taasisi yenyewe bila kuombwa. Stakabadhi ya mshahara wake binafsi, pamoja na makato yake, ni jambo jingine, usiiombe.

Jambo moja nakuomba kama mama. Usiandike kwamba hana shahada. Uliza anayo ipi. Huenda anayo, na jina la mtu likishachafuliwa halifuliki kirahisi.

Mume wangu alikuwa mpishi wa chuo kikuu kwa miaka 24. Alifariki mwaka jana. Nilipofuatilia malipo yake ya uzeeni, niliambiwa faili haionekani, na kwenye kompyuta inaonyesha aliajiriwa miaka sita baadaye kuliko ukweli. Mimi sijasoma sana, barua hii kaniandikia mpwa wangu. Nina karatasi moja tu ya mshahara wake, ya Machi 1998. Nifanye nini?
*Mjane, Voi*

Pole sana, dada yangu. Mungu amrehemu.

Miaka sita ni pesa nyingi, usiiache. Kwanza, kutosoma kusikuzuie. Mtu asiyeweza kuandika ombi lake, Sheria ya Kupata Habari inamtaka afisa wa habari wa chuo aliandike kwa niaba yake na ampe nakala. Pili, kwa kuwa mwenye faili hayupo, nenda na hati ya mahakama inayokuruhusu kusimamia mirathi yake, maana bila hiyo watakurudisha mlangoni. Kama bado huna, anza hapo.

Kisha omba mambo mawili: faili yake, na marekebisho ya tarehe ya kuajiriwa. Habari zisizo sahihi taasisi inatakiwa kuzirekebisha kwa gharama yake yenyewe. Na hao wanaosema faili haionekani, waombe waandike hivyo na kutia sahihi. Wengi huitafuta kwa bidii zaidi wanapoambiwa waandike.

Na faili ikipotea masijalani, haijapotea kila mahali. Idara ya fedha ina daftari za mishahara. NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ina orodha ya michango yake mwezi kwa mwezi, na mwezi wa kwanza uliochangiwa ni ushahidi wa tarehe. Wasimamizi wa mfuko wa pensheni wana rekodi zao. Wapishi wengi wa vyuo ni wanachama wa KUDHEIHA, chama cha wafanyakazi wa majumbani, mahoteli, taasisi za elimu na hospitali, na kama alikatwa ada ya chama, tawi lao lina majina. Watafute pia waliopika naye enzi hizo.

Ile karatasi ya Machi 1998 usimpe mtu yeyote mkononi. Itoe nakala tatu, ya asili ibaki kwako kwenye mfuko wa plastiki, mbali na unyevu. Tazama juu yake, karibu na jina: kuna namba ya mfanyakazi. Masijala haitafuti kwa jina, inatafuta kwa namba hiyo. Mwambie mpwa wako aiandike kwenye mstari wa kwanza wa barua.