Muulize anaona vizuri akiwa wapi

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha darasa la nne, niliadhibu watoto wawili kwa kuangaliziana. Ubaoni niliandika 83, na wote wawili madaftarini mwao wana 38. Ushahidi gani tena? Nikawapa choo cha wavulana wakasafishe. Kumbe mmoja wao, mwenye ualbino, hakuwa akisoma ubao hata siku moja. Maswali yote alikuwa akiyanakili kwa mwenzake wa dawati, na mwenzake akikosea, naye anakosea.

Na nilikuwa nimemkalisha mbele! Ndivyo tunavyoambiwa sote, mweke mbele, basi umemaliza. Dawati lake lilikuwa upande wa dirishani, na asubuhi ubao wetu uliochakaa ulikuwa unang'aa kama bati jipya. Siku nilipopata akili ya kumuuliza anaona vizuri akiwa wapi, alinyanyuka, akaja mpaka ubaoni, pua nusura iguse chaki. "Hapa, mwalimu."

Nikampa ruhusa ya kudumu: asogee ubaoni wakati wowote bila kunyoosha mkono. Wiki ya kwanza darasa la watoto tisini na kitu lilicheka. Ya pili walichoka. Mimi nikajizoeza kutamka kila ninachoandika, "themanini na tatu, nane, tatu," na hapo ndipo nikagundua wako wengine watatu nyuma waliokuwa hawaoni vizuri, ila wao hawana ualbino wa kuwatambulisha. Ubao tukaupaka upya. Yule mwenye ualbino akahamia dawati la mstari wa pili, katikati, mbali na dirisha. Alichagua mwenyewe.

Mzazi anaweza kukuambia mtoto ana miwani, anadeka tu. Hadeki. Kwa mwenye ualbino, sehemu ya ndani ya jicho haikukua kikamilifu, kwa hiyo miwani inasaidia lakini haimalizi tatizo. Na macho kuchezacheza si utukutu, hayazuiliki. Mstarini asubuhi asimame kivulini, avae kofia pana na mikono mirefu, sare iseme isemavyo.

Sasa mitihani, ambako wengi tunazembea. Baraza la Mitihani la Tanzania lina utaratibu wa watahiniwa wenye uoni hafifu: karatasi ya maandishi makubwa na muda wa ziada, dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 kwa kila saa katika masomo mengine. Lakini lazima wakati wa usajili ionekane kwamba mtoto ana uoni hafifu. Mfuate mwalimu mkuu mapema, na uangalie kwa macho yako taarifa ikiingizwa. Majaribio ya shuleni nayo yakuziwe, fotokopi ya A4 iwe A3, asije akakutana na karatasi kubwa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani wenyewe.

Alipopanda darasa la tano, nilipita dirishani kwao nikamkuta amerudishwa dawati la mbele, uso kwenye daftari la jirani. Mwalimu mpya hakuwa na kosa, mimi sikumwachia hata mstari mmoja wa maandishi. Siku hizi nikikabidhi darasa, ukurasa wa kwanza wa daftari la mahudhurio naandika kwa kalamu nyekundu: fulani anakaa wapi, anasogea ubaoni bila kuomba, anasomewa na nani.