Usimnunulie mama mashine hiyo ya umeme

Usinunue. Kama umeshatoa arubuni, kaidai leo.

Unasema mama yako alipooza mguu kwa polio utotoni, sasa akipika tu anachoka hoi na mguu unazidi kulegea, na yupo mtu aliyekwambia mashine ya kubandika pajani "itauamsha msuli uliolala". Mimi nami nilipooza kwa polio, na maneno hayo hayo niliambiwa hapa mjini Unguja, na fedha niliyotoa ilikuwa ya karafuu za msimu mzima kule Wete, Pemba.

Msuli haujalala! Virusi vya polio viliua neva za uti wa mgongo zinazoiamrisha misuli. Zilizosalimika zikachipua matawi zikailea misuli iliyobaki yatima, neva moja ikabeba kazi ya kadhaa. Ndiyo maana mama yako aliinuka, akatembea, akakulea wewe. Miaka 15 hadi 40 ikipita, kwa baadhi ya waliopona neva zile zinaelemewa na matawi yanaanza kufa. Virusi havijarudi, na wala mama hamwambukizi mtu. Sasa neva iliyoelemewa hivyo, mtu anataka kuitwisha mzigo zaidi mpaka paja litetemeke?

Yule aliyenihudumia kwa mashine hiyo hakuniuliza hata nilipooza kwa nini. Aliona mguu mwembamba akanipa mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi. Aliyepata kiharusi ameumia ubongo, neva inayoingia kwenye msuli ni nzima. Kwangu mimi neva hizo ndizo zilizokufa. Kila nikienda anapandisha nguvu ya umeme, kisha ananisimamisha nichuchumae na kuinuka. Nikimwambia usiku mguu unawaka moto na asubuhi siwezi kusimama, jibu lake: maumivu ndiyo dalili kwamba dawa inafanya kazi. Jamani, mguu wa mtu si betri ya pikipiki, hauchajiwi! Kabla ya hapo nilikuwa nikipanda ngazi za nyumbani kwa kushika ukuta. Sasa wanangu ndio wanaonipandisha, na nguvu ile haijarudi mpaka leo. Mtu anayeuza tiba bila kuuliza ugonjwa anastahili kushitakiwa, nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Ile mashine ya kuwekwa kichwani uliyoitaja ni jambo jingine kabisa. Ni mkondo hafifu sana wa umeme, kiasi cha miliampea 1 hadi 2, unapitishwa kwenye ngozi ya kichwa kuelekea ubongo, na haulazimishi msuli kujikunja. Italia waliijaribu kwa watu 32 wenye hali kama ya mama, wengine wakawekewa mashine isiyotoa umeme ili walinganishwe. Waliopata umeme wa kweli walipungukiwa na uchovu na usingizi ukawa bora. Ni utafiti mdogo, na neva iliyokufa haifufuliwi kwa njia hiyo. Anayekuahidi mguu kurudi kama wa ujanani anakudanganya.

Mama aache kila kazi kabla hajachoka. Akipika, akae kitini. Kufua na kupika visiangukie siku moja. Mazoezi afanye mepesi, na kesho yake akiamka ana maumivu au udhaifu kuliko kawaida, basi jana alizidisha, apunguze. Mtu yeyote, awe daktari, jirani au mwanawe, akimwambia "jikaze kidogo tu", asimsikilize. Waliopona polio wamejikaza maisha yao yote, na kujikaza huko huenda ndiko kulikozielemea neva.

Mpeleke kwanza hospitali wampime damu, sukari, tezi ya shingo, moyo na anavyopumua usingizini, kwa sababu uchovu una sababu nyingi na nyengine zinatibika. Ukifika tu, taja polio kabla ya jambo jengine lolote, wasije wakamchukulia kuwa ni kiharusi.

Mguu wake mzuri je, nao umeanza kulegea? Niambie, maana huo ndio uliobeba mwili miaka yote.