Kengele Ililia Lini? Kwa Wanaoanza Dawati la Uhariri

Jioni hii nimerudisha stori tatu za wageni wetu wa dawati, na zote zina ugonjwa uleule. Moja inasema dereva "aligonga mti huku akifariki hospitalini siku ya pili". Yaani aliushika usukani akiwa wodini? Wadogo zangu, nawapenda, lakini mtaniua kabla kurasa hazijafungwa.

1. "Huku" ni ya mambo yanayotendeka pamoja. Mtu anazungumza huku akifuta jasho, sawa. Ajali ya Jumatatu na kifo cha Jumanne vitenganishwe kwa nukta.

2. "Wakati huohuo" si gundi ya kubandikia habari mbili zisizojuana. Kama la pili lilitokea juzi, andika juzi.

3. -ki- (mambo yanayotendeka pamoja) na -ka- (jambo linalofuata jingine). Hapa tukae kidogo, maana ndipo nilipoungulia.

Mwaka wangu wa kwanza nililetewa stori ya mahakamani. Shahidi alisema: "Nilimwona akitoka chumbani, kengele ikalia." Mimi, kwa kujiona fundi, nikaona "akitoka" na "ikalia" zinakwaruza sikio zikikaa jirani. Nikabadili herufi moja tu: "kengele ikilia". Ikasomeka tamu. Nikaenda zangu kulala.

Kumbe utetezi mzima ulisimama juu ya kengele hiyo. Mshtakiwa alidai alitoka kwanza, kengele ikafuata, kwa hiyo aliyeigutusha ni mtu mwingine aliyebaki ndani. Mimi nikamtoa chumbani na kengele inamlilia mgongoni! Asubuhi wakili wake akapiga simu. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alinisomea sentensi yangu polepole, kisha akauliza ni shahidi yupi aliyeyasema hayo. Mwandishi aliyekalia benchi la mahakama siku nzima kuipata ile kauli hakunisemesha wiki mbili, na alikuwa na haki.

Haikuishia hapo. Nilipoambiwa niandike ya kuomba radhi, nikaandika: "alitoka wakati kengele ilipolia". Mhariri akaniangalia juu ya miwani: "Unaomba radhi kwa kurudia kosa?" Rasimu ya tatu ndiyo iliyopita: "alitoka kwanza, kisha kengele ikalia". Maneno ya mtoto wa darasa la kwanza. Tangu siku ile, nikikuta -ki- ndani ya ushahidi, namwita mwandishi kabla sijagusa kitu.

Na jamani, -ki- hiyohiyo hubeba sharti: "akija nitaondoka" haina mambo mawili ya wakati mmoja.

4. "Sambamba na" na "sanjari na". Mmezifanya chumvi, kila aya zimo. Mistari sambamba haikutani. Vyombo vikienda sanjari vinaandamana, kimoja nyuma ya kingine. Sasa mtu akiniandikia kuwa milipuko miwili "ilitokea sanjari", niambie, ilitokea kwa mpigo au mmoja ulifuata mwingine? Najua siku hizi wengi huyatumia yote mawili kwa maana ya "pamoja na", wala siwezi kuuzuia mto kwa kiganja. Lakini "pamoja na" yenyewe ipo, na haijamkosea mtu.

5. Mtu hafi "papo hapo" saa tatu baadaye.

6. Zama si hirimu. Kuna aliyeniandikia kuwa Shaaban Robert na Mathias Mnyampala walikuwa hirimu moja. Wa kwanza alizaliwa 1909, wa pili 1917. Washairi wa zama moja, naam; lakini Shaaban alipokuwa na miaka minane, mwenzake ndiyo kwanza anazaliwa. Hirimu ni wale mliocheza pamoja.

Mwenye stori ya dereva aje mezani kwangu sasa hivi, na aje na daftari lake. Nimefika aya ya mwisho, na inasema polisi "walifika eneo la tukio wakiondoka".