Daftari la Makabidhiano: Ushauri kwa Wazazi Wanaompata Mtoto wa Kwanza

Mtoto wetu wa kwanza alipokuwa na miezi saba alishikwa na homa usiku. Nilimpa dawa ya maji ya kushusha homa saa tatu, nikamlaza, nikaenda kuoga. Muda mfupi baadaye mume wangu aliingia chumbani, akamkuta mtoto anaguna, akamgusa paji la uso, akaona bado lina joto, naye akampa dozi nyingine kamili kwa nia ile ile njema niliyokuwa nayo mimi. Tuligundua kosa hilo tulipokutana mlangoni, kila mmoja akimwambia mwenzake asiwe na wasiwasi kwa sababu dawa amekwisha kumpa. Daktari tuliyempigia simu alituuliza uzito wa mtoto, kiasi cha dawa alichopewa na saa ya kila dozi, na katika maswali hayo matatu hatukuweza kujibu hata moja kwa uhakika. Mtoto hakudhurika. Sisi hatukulala mpaka asubuhi, tukimsikiliza anavyopumua.

Nimelea watoto watatu tangu wakati huo, na kama ningeruhusiwa kuwapa wazazi wapya ushauri mmoja tu, ningewaambia wajifunze kukabidhiana mtoto. Wauguzi wodini hawaondoki zamu mpaka wamewaeleza wanaoingia hali ya kila mgonjwa, dawa aliyopewa na kinachosubiriwa. Nyumbani tunaona utaratibu wa namna hiyo ni ugeni usio na maana kati ya watu wanaopendana, ilhali sehemu kubwa ya uchovu na ugomvi wa miezi ya mwanzo hutokana na habari za mtoto kugawanyika katika vichwa viwili ambavyo vyote havijalala.

Tulinunua daftari la kawaida la mistari, tukafunga kalamu kwa uzi ili isipotee, tukaliweka pale zinapokaa nepi. Kila mstari ulikuwa na saa, jambo lililofanyika, na herufi ya kwanza ya jina la aliyelifanya: "Saa 8:40 usiku, amenyonya kushoto, dakika 15, amebeua, nepi ya mkojo." Hakuna zaidi ya hapo. Kwa mtoto wa pili tulianza nalo tangu siku ya kwanza, na hapo ndipo nilipoelewa thamani yake, kwa sababu wiki za mwanzo ndizo zenye mambo mengi ambayo hayaonekani kwa macho. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, na mama anayenyonyesha hana namna ya kupima maziwa yaliyoingia tumboni. Anachoweza kukihesabu ni kinachotoka: kuanzia kama siku ya tano, mtoto anayepata maziwa ya kutosha hulowesha nepi sita au zaidi kwa siku. Kupungua uzito kidogo siku za mwanzo ni kawaida, na wengi huwa wamerudia uzito wa kuzaliwa wanapofikisha wiki mbili hivi. Muuguzi wa kliniki anapouliza iwapo mtoto ananyonya vizuri, mzazi aliyechoka hujibu "nadhani", lakini mwenye daftari humsomea idadi. Tena idadi hiyo ikianza kushuka, au mtoto akawa mgumu kuamshwa anyonye, hapo si pa kusubiri kesho. Ni kumpeleka hospitali.

Naomba nitoe tahadhari moja mapema, kwa kuwa niliwahi kuliharibu daftari letu wenyewe. Siku moja nikiwa nimechoka nilihesabu mistari yenye herufi yangu na mistari yenye herufi ya mume wangu, nikamwekea hesabu hiyo mezani. Matokeo yake ni kwamba kwa siku kadhaa alikuwa akifanya kazi bila kuandika, na mimi nikawa nabahatisha tena. Herufi ile ipo ili ujue wa kumuuliza, haipo ili mdaiane. Mkiona mzigo umeelemea upande mmoja, zungumzeni mchana, daftari likiwa limefungwa.

Baada ya daftari hufuata zamu za usiku, na hapa wazazi wengi wapya hukosea kwa wema. Mtoto akilia saa nane za usiku wote wawili huamka, mmoja akimbeba na mwingine akikaa kando kuonyesha kwamba hajamtupa mwenzake, na asubuhi nyumba nzima haina mtu hata mmoja aliyepumzika. Mtoto wa chini ya miezi mitatu hulala saa 14 hadi 17 kwa siku, ila kwa vipande vifupi, na mwili wake huchukua miezi miwili au mitatu kabla ya kuanza kutofautisha usiku na mchana. Kwa hiyo hali hiyo haitaisha wiki ijayo, na mnapaswa kupanga kama watu wenye safari ndefu. Sisi tuligawa usiku mara mbili: mmoja kuanzia saa tatu hadi saa nane, mwingine kuanzia saa nane hadi alfajiri. Wapo watakaouliza baba atafanya nini ikiwa mtoto ananyonya. Atafanya yote yaliyo kabla na baada ya titi: ataamka wa kwanza, atabadilisha nepi, atamleta mtoto kwa mama, atamchukua akishiba, atambeulisha na kumlaza. Mama hufumbua macho kwa dakika ishirini badala ya saa nzima, na tofauti hiyo, ikirudiwa mara tatu kwa usiku, ndiyo inayomwezesha kusimama asubuhi.

Makabidhiano yenyewe yasizidi dakika moja. Anayetoka husoma mistari mitatu ya mwisho kwa sauti, anataja kama kuna jambo la kuangaliwa, kisha analala. Tulikubaliana kwamba saa hiyo hakuna malalamiko wala maswali ya "kwa nini hukufanya", na sijaona kanuni nyingine iliyoilinda ndoa yetu kuliko hiyo. Aliye zamu naye ana masharti yake: mtoto hulazwa chali, juu ya godoro gumu na bapa, bila mto wala blanketi zito, na mzazi anayesinzia haketi naye kwenye kochi, kwa maana usingizi utamchukua bila kuomba ruhusa. Jambo la kulaza chali si dogo. Marekani ilipoanza kampeni yake ya kuwahimiza wazazi kufanya hivyo mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto wachanga usingizini vilipungua kwa takriban nusu katika miaka iliyofuata.

Kilio kinastahili nikikalie kidogo, kwa sababu ndicho kilichotuvunja moyo zaidi kwa mtoto wa kwanza. Kila jioni alilia kwa saa mbili au tatu, uso umemwiva, miguu ameikunja tumboni, na hakuna tulilofanya likafaa. Mimi nililaumu namna mume wangu alivyombeba. Yeye alihisi maziwa yangu yana tatizo. Kwa mtoto wa pili daftari lilituonyesha jambo ambalo vichwa vyetu visingeliona: kilio kilianza kuongezeka wiki ya pili, kikaja karibu saa zile zile za jioni, kikafika kilele wiki ya sita, kisha mistari yake ikaanza kupungua. Daktari alitueleza kwamba ndivyo ilivyo kwa watoto wengi wenye afya njema, na kwamba hali hiyo kwa kawaida hutulia kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kilio hakikupungua kwa sababu ya kuelezwa, lakini tuliacha kutafuta mkosaji.

Kwa jioni za namna hiyo mnahitaji neno moja mlilokubaliana. Letu lilikuwa "chukua". Mmoja akilitamka, mwingine humpokea mtoto papo hapo, bila swali, hata kama yuko katikati ya chakula. Ukiwa peke yako na subira imekuishia, mlaze mtoto chali kitandani pake, funga mlango, toka nje kwa dakika chache, vuta pumzi, kisha rudi. Kamwe usimtikise. Kumtikisa mtoto mchanga, hata kwa sekunde chache, kunaweza kumjeruhi ubongo au kumuua, na wengi waliofanya hivyo hawakuwa watu wabaya, walikuwa watu waliochoka wasiokuwa na wa kumkabidhi. Mtoto anayelia kitandani kwa dakika tano yuko salama kuliko aliye mikononi mwa mtu aliyefika mwisho wake. Kilio kinachoambatana na homa ni habari nyingine: mtoto wa chini ya miezi mitatu akifikisha nyuzi 38 apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, bila kujaribiwa dawa nyumbani kwanza.

Mtoto huwa na walezi wengi kuliko wazazi wake wawili, na kila mlezi huja na alichofundishwa. Ukurasa wa kwanza wa daftari letu tuliuwekea mambo machache yasiyojadiliwa: maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, hata maji asipewe, asali asionjeshwe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotengeneza sumu katika utumbo wa mtoto mchanga. Mama mkwe alipokuja kutusaidia, aliyemweleza ni mwanawe, si mimi. Aliketi karibu naye akamwambia, "Mama, daktari ametuomba tumpe maziwa tu mpaka miezi sita, naomba utusaidie kulisimamia hilo." Mzazi huisikia kauli ya mwanawe kwa sikio tofauti, na neno la kuomba kusimamia linampa heshima ambayo neno la kukatazwa lingemnyang'anya. Alilisimamia kuliko sisi. Naye ndiye aliyetuonyesha kwamba mtoto hunyonya vidole na kugeuza kichwa akitafuta titi muda mrefu kabla hajalia, na kwamba anayesubiri kilio amechelewa. Akachukua kalamu, akaliandika hilo mwenyewe chini ya orodha yetu. Mstari wake bado tunao.

Daftari lilimwona pia mama, na hili sikulitarajia. Katika wiki ya tano ya mtoto wa pili nilikuwa nikisema niko sawa kwa kila aliyeniuliza. Mume wangu, akisoma kurasa za nyuma, aliona mistari yangu inafupika: nimeacha kuandika kushoto au kulia, kisha nimeacha dakika, mwisho imebaki saa tupu, na mwandiko umelala. Aliniuliza swali moja tu, lini nilifurahia kitu mara ya mwisho, na nikashindwa kujibu. Machozi na huzuni za siku za mwanzo baada ya kujifungua huwapata akina mama wengi na huondoka zenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Zikizidi hapo, au yakija mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, huo ni ugonjwa, una tiba, na usingojewe. Baba naye anaweza kuupata. Mimi nilitibiwa nikapona, na nashukuru kwamba aliyeona hakuniambia nijikaze.

Kwa mzazi anayelea peke yake, nasema daftari linamfaa zaidi, siyo pungufu. Ndugu au rafiki anayeweza kukaa na mtoto saa mbili tu ni msaada wa kweli ikiwa hatahitaji kukuamsha kuuliza alinyonya lini.

Mtoto akikua, makabidhiano hubadilika yakawa ya maneno. Wa miaka mitatu aliyekataliwa simu na mama huenda kwa baba, na jibu letu la kwanza siku zote lilikuwa "Mama amesema nini?" kabla ya lolote jingine. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilishauri watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini. Lakini saa moja ya mama ikijumlishwa na saa moja ya baba ni saa mbili, na mtoto huijua hesabu hiyo mapema sana.

Kuandika kila nepi tuliacha mwezi wa nne, mtoto alipokuwa na mpangilio wake na sisi tumepata usingizi kidogo. Ukurasa wa dawa hatujauacha mpaka leo. Umebandikwa ndani ya mlango wa kabati, na juu yake tumeandika uzito wa kila mtoto na tarehe aliyopimwa, kwa sababu dozi ya parasetamoli hufuata uzito, na nguvu ya dawa hutofautiana kati ya chupa na chupa, hivyo lebo husomwa kila mara. Nafasi kati ya dozi na dozi haipungui saa nne, wala dozi hazizidi nne katika saa 24. Anayempa mtoto dawa huandika saa, kiasi na herufi yake kabla ya kufunga kizibo, na chupa ikikutwa imefunguliwa bila mstari mpya, huulizwa kwanza ndipo dawa itolewe.