Kidonge Nusu

Kuna swali linaloulizwa: wakati wa korona, ni nini kilichokuzuia kufika hospitali? Wengi watajibu kizuizi cha polisi. Kilikuwapo, kweli. Tarehe 8 Aprili 2020 kaunti yetu ya Kilifi ilifungwa, Mombasa na Kwale vilevile, na wenye kliniki Mombasa safari zao zikaishia daraja la Mtwapa.

Lakini mamangu hakuwa na daraja la kuvuka. Anakaa Barani, hapa hapa Malindi, na hospitali kwake ni mwendo wa tuktuk. Ana sukari na presha, na kliniki ya kila mwezi alikuwa haikosi. Buibui la kwendea huko hulipiga pasi usiku kabla. Mwisho wa Machi akaacha kwenda. Mtaani ilikuwa imeenea kwamba ukikohoa kwenye foleni unachukuliwa karantini siku 14, na gharama za kulala huko ni juu yako. Na mama kila masika lazima akohoe.

Halafu mfuko ulikuwa mtupu. Mume wangu alikuwa mhudumu wa hoteli ya ufuoni. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa tarehe 25 Machi, Waitaliano hawakuonekana tena, hoteli ikafunga. Zile shilingi 500 za NHIF, bima ya afya ya taifa ya wakati huo, tulizokuwa tukimlipia mama kila mwezi zikawa unga.

Ramadhani ikaingia mwisho wa Aprili, misikiti imefungwa, kafyu ni saa moja usiku. Hata bakuli la futari la kumpelekea ilibidi nikimbie nalo. Nikamwambia, "Mama, mwaka huu usifunge, sukari hatujaipima."

Akanitazama. "Kila kitu kimefungwa, mimi ndiye nisifunge?"

Nilicheka, nikashindwa. Ningejua nisingecheka. Siku chache baadaye nilikuwa nikimtafutia sindano katika kasha lake la kushonea, nikaona wembe, na kando yake vidonge vya presha vilivyokatwa nusu nusu, vimefungwa kwenye karatasi ya daftari. Alikuwa akivinyoosha, vya mwezi mmoja vitoshe miezi miwili. Hakumwambia mtu, alijua nyumbani kwangu kunapikwa nini.

Hadi leo najiuliza: mgonjwa wa miaka mingi, faili lake wanalo, ingekuwa kazi gani kumpa dawa za miezi mitatu kwa mpigo, au kumtuma mhudumu wa afya wa mtaa amgongee mlango? Majirani walioleta sabuni na ndoo za kunawia walimfikia. Dawa haikumfikia.

Kaunti ilipofunguliwa Juni nilimpeleka mwenyewe. Muuguzi akapima presha, akapima tena mkono wa pili, akavua miwani. "Mama, ulikuwa wapi miezi yote hii?"

"Nyumbani, mwanangu. Si nyinyi mliotuambia tukae nyumbani?"