Uamuzi wa kutua: kwa marubani wapya wa Songwe na Nduli

Ndege inapopitiliza mwisho wa njia ya kutua, lawama huelekezwa kwanza kwenye breki, ilhali mara nyingi chanzo kilikuwa angani: mwendo uliozidi, kimo kilichozidi, au upepo wa nyuma ambao rubani aliuona mdogo.

Ninyi mliojifunza kurusha ndege pwani, anzeni na mwinuko. Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, iko zaidi ya futi 4,000 juu ya usawa wa bahari, na Nduli, uwanja wa Iringa, iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi, na kwa kila futi 1,000 mwendo halisi huzidi ule wa kwenye kipimo cha mwendo kwa takriban asilimia 2. Kwa hiyo mkisoma noti 100 (maili 100 za baharini kwa saa) mkiikaribia Songwe siku isiyo na upepo, ardhi inapita chini yenu kwa karibu noti 108, na mchana wa joto kali huzidi hapo. Kwa kuwa umbali wa kusimama hukua kwa mraba wa mwendo, nyongeza hiyo hudai njia zaidi kwa takriban asilimia 17. Msijaribu kuifidia kwa kupunguza mwendo wa kwenye kipimo, kwani bawa linauhitaji uleule mliouzoea pwani.

Binafsi naiogopa zaidi njia ndefu. Songwe ina zaidi ya mita 3,000 za lami, na rubani akizoea kuelea juu yake bila adhabu yoyote, atayahamishia mazoea hayo kwenye njia fupi iliyoloa. Hata njia ndefu huisha: tarehe 2 Agosti 2005, Airbus A340 ya Air France ilitua Toronto katika mvua kubwa, ikagusa lami baada ya kupita takriban mita 1,200 za njia yenye mita 2,743, ikaishia bondeni na kuungua. Watu wote 309 waliokuwamo walinusurika.

Kabla ya kuanza kushuka, kubalianeni na mwenzako ni alama ipi ambayo magurudumu yakiipita bila kugusa lami, mtapaa tena. Mwendo na mteremko viwe vimetulia kufikia futi 1,000 juu ya uwanja penye mawingu, au futi 500 hali ya hewa ikiwa safi. Rubani msaidizi akisema "paa", nahodha apae, maswali yaulizwe baadaye. Kwenye mashine ya mazoezi, mwombeni mkufunzi awalazimishe kupaa mkiwa futi chache tu juu ya lami, kwa sababu hapo ndipo mkono husita. Lakini mkishageuza msukumo wa injini ili kusimama, uamuzi umekwisha: msijaribu kupaa tena.